Kavaa nepi, unacheka nini?

Jamani watu wa Didia, mtu mzima akivaa nepi mnacheka nini? Nasikia mnasema eti kikojozi, wengine eti karogwa. Karogwa wapi! Mama akishikwa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu mpaka nyama inakufa, panabaki tundu. Mkojo unavuja wenyewe, usiku na mchana. Ndiyo fistula hiyo. Nepi ndiyo inamfikisha sokoni na kanisani. Na fistula inashonwa! Bugando, Mwanza, wanapasua. CCBRT ya Dar mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa. Wewe baba, usimrudishe kwao. Mpeleke hospitali. Haya, tuonane wiki ijayo.