Vita vya angani na barua ya Hatib

Majuma matatu yaliyopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja alitufuata barazani akiwa na flashi mkononi. Alitaka hukumu. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne, hukesha akitazama tamthilia ya Kimarekani iitwayo Battlestar Galactica, na wakati wa chakula cha jioni alimwambia baba yake kwamba mpiganaji mmoja aliyejilipua humo alikufa shahidi. Mzazi alikuwa tayari kuiponda flashi kwa nyundo. Tulimwomba atuazime kwanza.

Tuliitazama, ingawa si yote, kwani ni misimu minne na sisi tuna familia. Ilirushwa kati ya mwaka 2003 na 2009, ikiwa ni utunzi mpya wa tamthilia ya mwaka 1978 yenye jina hilohilo. Makoloni 12 ya binadamu yanaangamizwa ghafla na Cylon, mashine ambazo binadamu wenyewe waliziunda, na ambazo baadhi yake sasa zina sura na miili kama yetu. Wanaosalia ni takriban 50,000. Wanakimbia angani katika msafara wa vyombo mchanganyiko, wakilindwa na manowari moja kuukuu. Rais wao, Laura Roslin, alikuwa waziri wa elimu, wa 43 katika safu ya kurithi madaraka. Wote waliomtangulia wameuawa. Ubaoni huandika idadi ya watu waliobaki, na hufuta na kuandika upya kila idadi hiyo inapobadilika. Ubao huo ulitugusa.

Yamo pia yasiyostahili kutazamwa na familia: mambo ya chumbani, ulevi, na binadamu wanaoabudu miungu mingi ilhali mashine zinazowaua ndizo zinazodai kumwamini Mungu mmoja. Hilo la mwisho lilitukera mwanzoni. Kisha tukawakumbuka Khawarij, ambao paji zao za uso zilikuwa na alama za sijda na panga zao zikawa juu ya shingo za Waislamu wenzao, na kero ikapungua.

Kisa kilichomteka kijana kimo mwanzoni mwa msimu wa tatu, uliorushwa Oktoba 2006, wakati majeshi ya Marekani yakiwa Iraq. Binadamu wamepata sayari ya kuishi, Cylon wanaivamia na kuikalia. Watu wanachukuliwa majumbani usiku, wanatiwa kizuizini, wanateswa. Wavamizi wanaunda polisi ya wenyeji. Rubani mmoja, Duck, aliyeuliwa mkewe, anajiandikisha katika polisi hiyo, na siku ya mahafali anajilipua katikati ya wenzake. Yaani mtazamaji wa Marekani aliketishwa upande wa wanaokaliwa, na akatakiwa auelewe uchungu wao. Huo ulikuwa ujasiri. Machi 2009 watunzi na baadhi ya waigizaji walialikwa Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia haki za binadamu na vita kwa kupitia kazi yao hiyo.

Lakini kuelewa uchungu si kuhalalisha tendo. Kujiua ni haramu, na Mtume (SAW) alikataza kuuawa wanawake na watoto hata vitani. Kijana alipokuja tulimwambia hayo waziwazi, na tukamwonesha kwamba hata tamthilia yenyewe haimvishi Duck taji: fundi Tyrol, ambaye naye ni mpinzani wa wavamizi, anaona kuwa mpaka umevukwa, na Roslin anataka milipuko hiyo ikome.

Tena kijana alikuwa amesimama njiani. Kisa kizito zaidi kiko mbele. Watu wamekombolewa, wamerudi angani, na wapiganaji sita wanaunda mahakama ya siri ya kuwahukumu waliowatumikia wavamizi. Adhabu ni kusukumwa nje ya chombo, pasipo hewa. Kijana mmoja aliyevaa sare ya ile polisi anauawa hivyo. Anafuata Gaeta, karani wa rais kibaraka. Amepigishwa magoti, mlango u karibu kufunguliwa, ndipo kwa neno moja tu la bahati inabainika kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwapenyezea wapinzani siri za adui. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Roslin anaporejea madarakani anatangaza msamaha wa jumla.

Hapo tulisimamisha picha, tukawasimulia baba na mwana habari ya Hatib bin Abi Balta'a (RA), si kwa kulinganisha Sahaba na waigizaji, Allah atuepushe, bali kwa sababu swali ni lilelile. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume (SAW) alipokuwa akijiandaa kwa siri kwenda Makka, Hatib aliwaandikia Makureshi kuwatahadharisha. Barua ilikamatwa njiani kwa mwanamke aliyeibeba. Ushahidi ulikuwa mkononi na kosa lilikuwa la kuhatarisha jeshi zima. Umar (RA) aliomba aikate shingo yake. Mtume (SAW) alianza kwa kumuuliza Hatib: nini kilikupeleka? Akajibu kwamba ana jamaa Makka wasio na ukoo wa kuwalinda, akataka Makureshi wawe na deni kwake. Mtume akathibitisha kuwa amesema kweli, akakumbusha kuwa alipigana Badr. Hakuuawa. Mwanzo wa Suratul Mumtahina unahusu tukio hili, na kosa halikuitwa jambo dogo.

Tulimuuliza kijana: katika wale sita, wewe ungekuwa nani? Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa kweli kwamba angefungua mlango. Baba yake, ambaye tulidhani angemkaripia, akauliza kama basi Umar naye alikosea.

Tulimjibu kwamba Umar aliomba ruhusa, na aliponyimwa akatii.

Flashi tumeirudisha kwa mwenyewe. Tunasikia vipindi kadhaa vimefutwa na baba, na kwamba vilivyobaki wanavitazama pamoja, baada ya Isha.