Bei ya Petroli Mikoani ni Bei ya Umbali

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kuanzia saa sita na dakika moja usiku bei hizo huwa amri kwa kila kituo cha mafuta Tanzania Bara. Kesho yake magazeti huchapa bei ya Dar es Salaam kwa herufi kubwa, na mjadala wote wa nchi huishia hapo. Lakini tangazo hilo huja na jedwali refu, wilaya kwa wilaya, ambalo wachache hulisoma hadi mwisho. Agosti 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimepandisha mafuta dunia nzima, lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410, na tuliona kuwa huo ni mzigo usiobebeka. Kyerwa, mpakani kabisa mwa Kagera, waliubeba mzigo huohuo na juu yake zaidi ya shilingi 200 kwa kila lita. Si mwezi ule tu. Soko la dunia lipande au lishuke, Kyerwa hubaki mkiani mwa jedwali, na Watanzania wa huko wanalipa kila mwezi deni ambalo hakuna aliyewaeleza litakwisha lini.

Ndugu wasomaji, nasema jambo hili kwa uzito kwa sababu hasira zetu juu ya mafuta huelekezwa pasipostahili. Bei ya lita moja ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya nje: bei ya mafuta yaliyosafishwa katika masoko ya Ghuba ya Uajemi, nauli ya meli, bima, na thamani ya shilingi mbele ya dola. Hiyo hatuiamui sisi; mwaka 2023 dola zilipoadimika, vituo vya mikoani vilikauka ingawa duniani mafuta yalikuwepo. Ya pili ni ushuru na tozo za serikali, zinazotozwa kwa kiasi kilekile kwa kila lita, iuzwe Kariakoo au Kasulu. Ya tatu ni safari: kushusha bandarini, kuhifadhi, kisha kupakia kwenye maboza na kuyapeleka wilayani, hesabu ikienda kwa kilomita. Tofauti kati ya Dar es Salaam na Kyerwa yote imo katika sehemu hii ya tatu. Na hii ndiyo sehemu iliyo mikononi mwetu wenyewe, kwani bandari ni zetu, barabara ni zetu, reli ni yetu, na maamuzi hufanywa Dodoma.

Wapo watakaosema kuwa mwenye kituo ndiye mwizi. Yawezekana wako wanaoficha mafuta wakisubiri tangazo la mwezi unaofuata, na hao waadhibiwe bila huruma. Lakini faida ya muuza jumla na ya muuza rejareja imo ndani ya kanuni ya EWURA, na anayevuka kikomo huvunja sheria. Tukikomea kumtukana mtu wa pampu, tunamwacha huru yule anayepaswa kutujibu kwa nini lita ile ilisafiri kilomita 1,400 juu ya magurudumu kufika Bukoba, mji ulio ukingoni mwa ziwa.

Ushahidi kwamba safari inaweza kufupishwa tunao hapahapa. Tangu mwaka 2012 nchi huagiza mafuta kwa pamoja, na kwa miaka ya mwanzo meli zote zilishusha Dar es Salaam. Mwaka 2015 Tanga ikaanza kupokea, na mwaka 2018 Mtwara nayo ikaingia. Leo Arusha, Kilimanjaro na Manyara hupangiwa bei kwa kutazama Tanga, na Lindi na Ruvuma kwa kutazama Mtwara. Boza la Arusha lililokuwa likitembea zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam sasa hutembea kama 430. La Songea, lililokuwa na safari ya zaidi ya kilomita 900, hutoka Mtwara umbali wa karibu 650. Ni kweli kwamba shehena za Tanga na Mtwara ni ndogo, na shehena ndogo huongeza gharama ya kila tani. Ndiyo maana mara nyingi Tanga yenyewe hulipa kidogo zaidi ya Dar es Salaam ingawa nayo iko baharini. Lakini hilo ni hoja ya kuziongezea bandari hizo uwezo wa kupokea meli kubwa na matangi ya kuhifadhi. Si hoja ya kurudisha kila kitu Dar es Salaam, ambako foleni ya meli imekuwa gonjwa la miaka mingi. Meli ya mafuta iliyotia nanga ikisubiri zamu hudai malipo ya kila siku, kwa dola, na malipo hayo huingizwa kwenye bei ya lita. Mama wa kisiwa cha Ukerewe anayepanda mtumbwi wa injini hajawahi kuiona gati ya mafuta ya Kurasini jijini Dar es Salaam, lakini siku ambazo meli ilikaa nangani huzilipia ndani ya nauli. Matangi 15 ya pamoja yanayojengwa Kigamboni, yenye ujazo wa mita za ujazo 378,000, yanalenga kuwezesha meli kushusha mara moja badala ya kugawa kidogo kidogo kwa kampuni moja moja. Ni kazi njema, na wananchi tuifuatilie kama tunavyofuatilia ujenzi wa zahanati ya kijiji.

Pana wanaotaka njia ya mkato: bei moja nchi nzima. Zambia iliweka utaratibu huo mwaka 2010, na hoja yake ni ya haki, kwamba raia asiadhibiwe kwa kuzaliwa mbali. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali. Bei moja haiondoi gharama ya safari hata senti; huihamishia kwenye mfuko wa pamoja ambao lazima ukaguliwe kwa kila lori, na udanganyifu hupata pa kujificha: mafuta yanaandikwa kwenda Kigoma, yanauzwa njiani, na fidia ya umbali inalipwa. Baya zaidi, tarakimu ya Kyerwa ikifutwa kwenye jedwali, pamoja nayo utafutika msukumo wa kujenga. Wengine wanataka ruzuku. Juni 2022 serikali ilianza kuitoa, kwa shilingi bilioni 100 mwezi huo, nafuu ikaonekana, na ilipofika mwisho wa mwaka ikakoma. Ilikuwa sahihi kwa dharura ile. Lakini boza halikupunguza hata kilomita moja.

Lililo kubwa kuliko yote ni reli. Reli ya zamani ilifika Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928. Karne moja hivi baadaye, sehemu kubwa ya mafuta ya mikoa hiyo bado huenda kwa barabara, yakizichakaza barabara zilezile zinazotengenezwa kwa tozo ya mafuta. Tazameni majirani. Kenya ilijenga gati ya mafuta Kisumu, ikakamilika mwaka 2018. Gati hiyo ilikaa kama yatima kwa miaka kadhaa kwa sababu ng'ambo hapakuwa na pa kushushia, hadi ghala la upande wa Uganda lilipokuwa tayari na mafuta yakaanza kuvuka Ziwa Victoria kwa meli. Mafunzo ni mawili: ziwa linaweza kubeba mafuta, na gati bila ghala upande wa pili ni saruji tu. Kwa nini Mwanza isipokee mafuta kwa reli, yakavuka kwa meli hadi Bukoba, na boza likabaki na kipande cha mwisho tu cha kwenda Karagwe na Kyerwa? Nikiambiwa fedha hazipo, nitauliza za tozo ziko wapi. Mwaka 2021 kila lita iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati, ambayo reli ya kisasa ni mmojawapo. Mkazi wa Kagera amekwisha kuilipia reli hiyo kila alipojaza tangi. Kuomba iwe na mabehewa ya mafuta na ghala la kupokelea si kuomba hisani. Na yule anayepinga kodi zote za mafuta nitamwomba atulie: tusizifute, tuzidai zionekane.

Tusidhani hili ni shauri la wenye magari. Wavuvi wa dagaa wanawasha injini za petroli kila usiku wa giza, bodaboda ndiyo gari la wagonjwa la vijiji vingi, na pampu za bustani zinanywa mafuta hayohayo. Tena bei ya jedwali ni ya mji wenye kituo. Kijijini, mafuta huuzwa kwa chupa za maji mbele ya duka, bei ni ya mwenye chupa, na EWURA haina mkono wa kufika huko. Mikopo ya Wakala wa Nishati Vijijini kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo ni dawa ya kweli, na halmashauri zisiisubiri ije yenyewe. Ziwatafute vijana wenye viwanja na kuwasaidia kuandaa maombi.

Bajeti husomwa bungeni kila Juni. Kabla ya hapo, wananchi wa Kagera, Kigoma, Katavi na Rukwa wawaulize wabunge wao maswali matatu kwenye mikutano ya hadhara: mwaka huu ni lita ngapi zimefika kwetu kwa reli, ghala la mafuta la kanda yetu litakamilika lini, na tozo tuliyolipa wilayani imejenga kipi. Majibu yatolewe kwa tarakimu, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kando ya jedwali la EWURA.