Kuuliza Sio Kuhama

Wacha niseme mapema ndio watu walale: sijahama. Bado ni Mprotestanti. Jina langu bado liko kwa daftari la kanisa nililobatizwa, na Jumapili iliyopita nilikuwa hapo, benchi ya nyuma, feni ikizunguka bila kuleta hewa. Kosa langu ni moja tu. Nimeuliza maswali kuhusu Ukatoliki, kwa sauti, mbele ya watu.

Kwa hilo nimetolewa kwenye kikundi cha vijana. Kinanda nilichokuwa nikipiga kwa ibada amepewa mwingine. Mama amepigiwa simu na watu watatu wakimpa pole, kana kwamba kuna matanga nyumbani.

Sawa. Wao wameongea, sasa niongee mimi.

Hii stori haikuanza na padri. Ilianza na rafiki yangu Mwislamu, msee tumesoma naye tangu shule ya msingi. Tulikuwa tumekaa nje baada ya swala ya Magharibi, ile saa jua la Garissa limeacha kuchoma na watu wanaanza kupumua, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Akaniuliza, "Walaal, nyinyi na wale wa kathedrali si nyote ni Wakristo? Tofauti yenu ni nini?"

Nikamjibu bila kufikiria: "Wale wanaabudu Maria."

"Wenyewe ndio wanasema hivyo?"

Maze, nilinyamaza. Nimezaliwa mji huu. Nimepita nje ya ile kathedrali maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kumuuliza Mkatoliki hata mmoja anaamini nini. Rafiki yangu akacheka. Akasema hiyo kitu anaijua vizuri, kwa sababu kila akienda Nairobi kuna mtu wa kumweleza Uislamu unaamini nini kabla yeye hajafungua mdomo.

Kuna aibu nyingine sijawahi kuisema. Video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote ni ile niliwacheka Wakatoliki na rozari zao. Sekunde arobaini. Watu walicheka, nikapata wafuasi, nikafurahi. Sikuwa nimeuliza mtu yeyote kitu chochote.

Kwa hivyo nikaanza kuuliza. Nilianza nyumbani, vile heshima inataka. Niliandika maswali kwa daftari, nikamngoja mchungaji baada ya ibada.

Swali la kwanza: kwa nini Biblia yetu ina vitabu 66 na ya Wakatoliki 73? Nilifunzwa kwamba wao waliongeza. Lakini nikisoma historia napata Luther mwenyewe, kwenye Biblia yake ya 1534, aliviweka vile vitabu katikati ya Agano la Kale na Jipya. Akasema si sawa na Maandiko, lakini akavichapa. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611 pia ilikuwa navyo. Na upande wa pili, Jerome, ambaye Wakatoliki wanamheshimu sana, alikuwa na shaka navyo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Luther. Kwa hivyo mambo si rahisi vile tunaambiwa, upande wowote ule.

Swali la pili: Yohana 6. Yesu anasema watu wale mwili wake na kunywa damu yake. Wanafunzi wengi wanaona hayo ni magumu, wanaondoka. Mbona hakuwaita warudi awaambie ni mfano tu? Sisi tunasema mkate ni ukumbusho. Kama tuko sawa, nionyeshe tuko sawa wapi. Niko tayari kuonyeshwa.

Mchungaji alifunga lile daftari bila kumaliza ukurasa. Akaniwekea mkono kichwani, akaikemea roho ya kuchanganyikiwa. Nilienda na maswali, nikarudi nyumbani na pepo.

Nauliza kwa heshima: hiyo ni imani ya aina gani, inayoogopa daftari? Petro, kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawaambia waumini wawe tayari kila wakati kumjibu mtu anayeuliza sababu ya tumaini lao, tena kwa upole. Hakusema wamkemee. Na Waberoya, Matendo 17, walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo halafu wakaenda kuchunguza kila siku kama anayosema ni kweli. Kama Paulo alichunguzwa, wewe ni nani usichunguzwe?

Hoja kubwa ya wazee wetu naielewa, na sitaidharau. Wanasema: sisi hapa ni wachache, usitugawanye.

Wana sababu. Julai 1, 2012, nilikuwa mtoto. Asubuhi moja, Jumapili, magruneti yalirushwa kanisa la AIC na kathedrali ya Wakatoliki. AIC walikufa zaidi ya watu 15. Halafu Aprili 2, 2015, Alhamisi Kuu, watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa kwenye maombi ya alfajiri. Waliotenganishwa siku hiyo walitenganishwa Mkristo huku, Mwislamu kule. Hakuna aliyeulizwa kama anaungama kwa padri au anaungama kwa Mungu chumbani kwake. Mama anapokumbuka miaka hiyo hawezi kuelewa mtoto wake anatafuta nini kwa mlango wa kanisa lingine. Namuelewa.

Lakini kumbukeni pia kilichofuata baada ya Julai 2012. Viongozi wa Waislamu walisema vijana wao watalinda makanisa. Hawakungoja kwanza tukubaliane juu ya Utatu. Hawakusema mkiacha kumwita Yesu Mwana wa Mungu ndio tutawalinda. Watu ambao hatukubaliani nao kuhusu Mungu mwenyewe walikuwa tayari kusimama na sisi mlangoni. Sasa mnaniambia umoja wa Wakristo wa Garissa utavunjika kwa sababu nimeuliza maana ya Yohana 6? Kama unavunjika kwa hilo, basi haukuwa umoja. Tulikuwa tumekaa kimya pamoja tu.

Na ukitaka kuona Wakristo wakigawanyika kweli, angalia jirani zetu Uganda. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana Wakristo, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana kwa hesabu inayokumbukwa hadi leo. Juni 3, 1886, pale Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa siku moja. Miaka sita haijaisha, Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda wakapigana vita pale Mengo. Upande mmoja ukiitwa wa Wafaransa, mwingine wa Waingereza, na bunduki za Maxim za Kapteni Lugard zikawasaidia Waprotestanti kushinda. Ilikuwa vita ya madaraka, ndio. Lakini ilipiganwa kwa majina ya dini, na watu ambao wenzao walikuwa wamekufa pamoja juzi tu. Waliofika hapo hawakufikishwa na kijana mwenye daftari la maswali. Walifikishwa na kambi. Na kambi ndiyo nyinyi mnanilazimisha nichague kabla hata sijajibiwa.

Sasa nyinyi Wakatoliki msicheke sana, zamu yenu imefika.

Niliwauliza watu wenu watatu swali moja rahisi: nikija kwenu, nitabatizwa tena? Wa kwanza akasema lazima. Wa pili akasema hapana. Wa tatu akaniuliza kwani ule wenu ni ubatizo. Na Kanisa lenu linafundisha wazi kabisa kwamba aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, harudiwi. Mimi wa nje nimelijua hilo, nyinyi wa ndani mnabahatisha. Mwingine akaniambia, "Wewe fuata tu, utaelewa baadaye." Buda, chuo niliacha kwa sababu ya karo, sikuacha kufikiria.

Na kuna kitu pande zote mbili mmetuficha, au labda hamjui. Nilikua nikiambiwa Wakatoliki wanaamini mtu anajiokoa kwa matendo yake. Hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa tangu Luther. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa kumwamini Kristo, si kwa sababu tumestahili. Wamethodisti wakajiunga 2006. Hawakumaliza tofauti zote, na wenyewe walisema hivyo. Lakini ni watu waliokaa mezani miaka mingi wakiulizana na kujibiana, na hakuna aliyewaita wana pepo. Mimi nimesikia hayo nikiwa na miaka ishirini na kitu, na nimelelewa kanisani.

Msiniambie niende intaneti pia. Hiyo ndiyo kazi yangu, najua vile chakula kinapikwa huko. Unachagua hoja dhaifu ya mpinzani, unaiponda, unaweka muziki, unamaliza kabla watu hawajachoka. Nimefanya hivyo na rozari. Mtu wa video hawezi kusema "hilo sijui", maana akisema hivyo anapoteza watazamaji. Mimi nataka mtu anayeweza kusema sijui.

Nimempata mmoja mpaka sasa. Ni mama mmoja Mkatoliki, mzee, anayejuana na mama yangu sokoni. Alinikalisha, akanipa maji, akauliza, "Haya mwanangu, ni nini kinakusumbua?" Nikamwambia Maria. Akasema, "Nikimwomba mama yako aniombee, nimemwabudu mama yako?" Nikamjibu mama yangu yuko hai, anamsikia. Akafikiria. Akasema, "Basi hapo ndipo tunapotofautiana. Sisi tunaamini waliokufa katika Kristo wako hai kuliko mimi na wewe." Sikukubali papo hapo. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua kitu ambacho sikubaliani nacho ni nini hasa.

Halafu nikamuuliza: mafundisho kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho yalitangazwa kuwa ya lazima 1950. Mbona 1950? Akacheka. "Hilo sijui. Nitamuuliza padri." Wiki iliyofuata akanipigia: padri amesafiri, ngoja. Na nangoja, kwa sababu jimbo la Garissa limebeba kaunti kadhaa, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Nairobi ukikosa jibu parokia hii unatembea hadi ile nyingine. Hapa ukikosa mtu, umekosa.

Ndio maana naandika. Nahitaji watu wa kunijibu, wa pande zote. Wakatoliki, bado nina toharani, na nina lile tangazo la 1870 kwamba Papa hawezi kukosea akitangaza rasmi fundisho la imani. Waprotestanti, bado nina vitabu 66, Yohana 6, na Yohana 20, pale Yesu anawapa mitume mamlaka ya kusamehe dhambi. Masharti yangu ni matatu. Tukutane ana kwa ana, chai ni juu yangu. Ukisema upande wa pili unaamini kitu fulani, uwe umewauliza wenyewe. Na kama hujui, sema hujui.

Ile video ya rozari nimeifuta. Namba zilishuka, sawa tu.

Jana usiku umeme ulipotea, tukakaa nje na mama. Akanyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Ukijibiwa yote, utahama?"

Nikamwambia ukweli. "Sijui, mama."

Akakaa kidogo. "Basi ukijua, uniambie mimi kwanza. Nisiambiwe na simu."

Nimemuahidi.