Msiniwekee Bunduki ya Baba

Barua kwa ndugu na majirani wa Hombolo

Ndugu zangu,

Natumaini zabibu za msimu huu zimepata mnunuzi kabla ya kuozea shambani. Mimi ni mzima huku Bremen, kazi ya kutunza wazee inaendelea.

Juzi Baba Mdogo aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba ng'ombe wameshahesabiwa, shamba la kule bwawani litapimwa, na bunduki ya marehemu imewekwa mahali pazuri, inamsubiri mwanawe mkubwa. Mwana mkubwa ni mimi. Nikaona vidole gumba vimejaa chini ya ujumbe ule. Changu hakimo, na leo naeleza kwa nini. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu bunduki ya namna hiyo haiko kwetu peke yetu. Nazijua nyumba za Hombolo Makulu na za Ipala ambazo mwenye silaha alishazikwa, matanga yakaanuliwa, na chuma kingali darini.

Baba Mdogo, nakuheshimu, na ninajua ulichofanya umekifanya kwa mapenzi. Lakini bunduki haifanani na mali nyingine aliyoacha kaka yako. Ng'ombe wakikaa zizini wakingoja kikao cha ukoo, hakuna anayevunja sheria. Shamba nalo linaweza kungoja hata mwaka. Bunduki kama chuma ni sehemu ya mirathi, ina bei yake na inaweza kuuzwa ili wenye haki wagawane fedha. Ruhusa ya kukaa nayo ni habari nyingine. Ruhusa hiyo alipewa Baba peke yake, kwa jina lake na kwa namba ya silaha ile, baada ya watu kukaa na kumjadili yeye: ana akili timamu, halewi ovyo, hana ugomvi na jirani. Mimi hakuna aliyenijadili. Wala wewe. Kitabu chake cha silaha hakirithiki hata kama jina la ukoo ni lilelile.

Sheria inayotumika sasa ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika nafasi ya ile ya 1991 ambayo Baba aliizoea. Anayekutwa na silaha bila leseni hapelekwi mahakamani kama mwizi wa kuku. Kosa hilo hushtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo inataja kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Sisemi kwamba hakimu atamtazama mkulima wa Hombolo kwa jicho analomtazamia jambazi. Nasema hati ya mashtaka huandikwa kwanza, maelezo ya mapenzi na ukoo huja baadaye, na katikati hapo mtu analala mahabusu.

Mtu huyo ni nani? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Baba Mdogo kaandika "imewekwa mahali pazuri", lakini nyumba iliyofichwa bunduki ni ya Mama. Wewe unalala kwako. Wadogo zangu wawili wako mjini, mmoja Dar es Salaam, mimi Ulaya. Polisi wakiingia leo, watakayemkuta na silaha chini ya paa lake ni mjane mwenye miaka zaidi ya sabini, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuigusa, kwa sababu Baba mwenyewe alimkataza hata kuifutia vumbi. Urithi mnaosema mnaniwekea mimi, hatari yake anaibeba yeye. Na hakuna aliyemuuliza. Nilipompigia aliniambia tu, "Mwanangu, mimi nikiiona pale juu sipati usingizi." Basi tuko wawili.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani limesahaulika. Mwaka 2016 kulikuwa na uhakiki wa silaha nchi nzima. Rais Magufuli naye alihakiki zake mwaka huohuo, na Baba aliipenda sana habari hiyo, akawa anaisimulia kilabuni kana kwamba walisimama foleni moja. Alivaa koti, akaifunga bunduki kwa shuka, akaenda nayo Dodoma na kitabu chake. Kwa hiyo jina lake na namba ya silaha ile vimo kwenye kumbukumbu za polisi. Mnaficha kitu kilichoandikwa. Siku watakapopitia orodha yao na kuuliza mzee huyu yuko wapi, jibu liko makaburini na kila mtu Hombolo analijua.

Najua mnachokiogopa, maana nimekisikia tangu utotoni. Kwamba polisi wakishaichukua hairudi. Kwamba ukienda kituoni na bunduki unatoka na kesi. Kwamba kuanza kuiombea kibali upya ni safari ya mtaa, kata, wilaya mpaka mkoa, na kila meza ina mihuri yake. Sitawadanganya kwamba njia hiyo ni fupi. Ni ndefu, na kwa mtu wa kijijini ni ghali kwa nauli peke yake. Ila wazo la kwamba ni bora kukaa kimya limetoka wakati Hombolo ilikuwa porini kweli, nguruwe pori wakifyeka mtama usiku na askari akija mara moja kwa mwaka. Leo sisi ni mitaa ya Jiji la Dodoma. Tangu serikali ihamie, viwanja vimepanda bei mpaka ndugu waliokuwa wakila sahani moja wanapelekana baraza la kata kwa mpaka wa miguu mitatu. Mirathi ya sasa ina fedha ndani yake. Kuweka bunduki isiyo na mwenyewe ndani ya ukoo unaogawana ardhi yenye bei ni jambo ambalo babu zetu, pamoja na ukali wao wote, wasingelifanya.

Niwasimulie kidogo ya huku. Mmoja wa wazee niliowatunza alikuwa mwindaji. Alipofariki, mkewe alitoa taarifa kwa ofisi ya silaha karibu na wakati uleule wa kutafuta jeneza. Nilishangaa, nilidhani ni ubaridi wao wa kawaida. Baadaye nikaelewa kwamba sheria ya Ujerumani inamtaka anayekuta silaha za marehemu atoe taarifa bila kuchelewa, na mrithi anayezitaka ana mwezi mmoja tu wa kuomba kadi ya kumiliki tangu alipoupokea urithi. Kama mrithi si mwindaji wala mlenga shabaha wa klabu, tangu mwaka 2008 anaweza kubaki na bunduki ya baba yake kwa sharti kwamba fundi mwenye kibali aiwekee kufuli la chuma ndani ya mtutu. Risasi hapewi kabisa. Binti wa yule mzee alichagua hivyo kwa bunduki moja, akaitundika, nyingine zikauzwa kwa muuza silaha. Mtu anabaki na kumbukumbu ya baba yake, na bunduki haiwezi kulia tena. Natamani watunga sheria wetu pale Dodoma walitazame jambo hili, kwa sababu wengi wetu hatutaki kupiga risasi. Tunataka tu kitu alichokishika Baba kisipotee.

Msidhani wenzetu hawa ni malaika. Hapa pia zipo bastola za vita vya Hitler zilizolala darini mpaka wajukuu wakazikuta. Serikali yao ilitoa msamaha wa kuzirudisha mwaka 2009, na tena kuanzia 2017 hadi 2018. Ule wa 2009 ulikuja baada ya kijana wa Winnenden kuchukua bastola ambayo baba yake aliiacha chumbani bila kuifungia, akaua watu 15. Bastola ile ilikuwa na leseni. Baba yule alikuwa hai.

Sasa gobore la Babu. Najua Shangazi alitarajia nisiliseme. Shangazi, nisamehe, lazima. Lile halina kitabu na halijawahi kuwa nacho. Babu alisema lilikuja na misafara ya pembe za ndovu, ile iliyokuwa ikikatisha Ugogo na kulipa hongo kwa watemi ili ipate maji. Inawezekana. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa, zile za kupakia risasi kwa nyuma, zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Za kushindilia baruti mdomoni zikaachiwa kupita chini ya masharti. Wazungu walibaki na bunduki nzuri, mwanakijiji akabaki na gobore, na mafundi wetu wakajifunza kuyatengeneza kwa mabomba mpaka leo. Kwa hiyo lile la kwetu ni kipande cha historia kweli. Lakini historia hiyo inaweza kuua mtoto. Mdogo wangu wa tatu anakumbuka siku tulipolishindilia mchanga kwa kucheza. Sitaki wanawe walishindilie kingine.

Kwa silaha kama hiyo upo mlango. Septemba na Oktoba 2022, na miezi hiyohiyo 2023, serikali ilitangaza msamaha kwa kila atakayesalimisha kwa hiari silaha anayoishikilia kinyume cha sheria. Ilipokelewa vituo vya polisi, ofisi za serikali za mitaa na kwa watendaji wa kata. Watu wa kwetu walisikia tangazo redioni wakadhani linawahusu majambazi. Lilimhusu Shangazi. Msamaha ukitangazwa tena, gobore lile liwe la kwanza kufika. Kabla ya hapo, wazee wawili waende mikono mitupu kwa polisi kata wamweleze kilichopo nyumbani, gobore libaki palepale mpaka wapewe utaratibu. Lipigeni picha kwanza, pamoja na kile kitako alichokichonga Babu. Picha hiyo ndiyo nitakayoirithi.

Kuna aliyeshauri silaha zote mbili zitupwe bwawani, sitamtaja. Bwawa la Hombolo limekuwepo tangu 1957 na kila mmoja wetu anajua tope lilivyolijaza. Kiangazi kikija na maji yakipungua, wa kwanza kuziokota atakuwa mtoto anayechunga mbuzi. Aliyetoa shauri hilo ana mbuzi na ana watoto.

Kwa hiyo kwa bunduki ya Baba naomba hivi. Asiibebe mtu kwenye bodaboda wala kwenye daladala ya kwenda mjini, kwa sababu njiani pia hana leseni. Baba Mdogo na mwenyekiti wa mtaa waende kituoni na kitabu cha silaha pamoja na cheti cha kifo, waombe askari waje kuichukua mchana, mbele ya Mama na wazee. Risasi zote zitolewe. Najua kuna kopo la kahawa nyuma ya kihenge, na Baba alinionyesha mimi tu, basi sasa mnajua nyote. Wakipokea, daini hati yenye namba ya silaha, idadi ya risasi, jina na namba ya askari. Hati hiyo msiipeleke kwa yeyote kabla ya kutoa nakala. Kisha msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, aiandike bunduki kwenye Fomu Namba 5, orodha ya mali ambayo anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne. Msiiache nje ya orodha kwa kuiona ni jambo la polisi. Ikiwa humo, ni mali ya wote, na hakuna atakayeamka miaka mitatu baadaye kusema aliahidiwa. Baada ya hapo, kama kuna mmoja wenu anayeishi hapo, analima na anaitaka kwa ajili ya ngedere na nguruwe, aombe kibali kwa jina lake, ajadiliwe kama Baba alivyojadiliwa. Akinyimwa, iuzwe kwa mwenye kibali, kwa njia ambayo polisi wataielekeza, na fungu la kwanza apewe Mama.

Na kwa viongozi wa mtaa watakaosoma hili: mnapokuja msibani kuandika jina la marehemu, ulizeni pia kama alikuwa na silaha. Ni swali moja. Hakimu naye akiuliza hivyohivyo anapopokea maombi ya usimamizi wa mirathi, wajane wengi watapumua. Familia inayoulizwa hujibu. Isiyoulizwa huficha, halafu kuficha kunakuwa desturi.

Wapo watakaosema nimekuwa Mzungu, nimekataa fimbo ya ukoo. Baba alinipa vitu vingine. Alinifundisha kupogoa mzabibu, alinilipia ada kwa kuuza ng'ombe aliyempenda na kumwita kwa jina. Kama ukubwa wangu unategemea bunduki iliyofichwa na mjane, basi mpeni mwingine ukubwa huo.

Nimetuma kwenye simu ya Mama nauli ya watu wawili na ya nakala za karatasi. Asiyekubaliana nami aseme kwenye kundi kabla ya kikao cha Jumamosi, kwa maneno, si kwa alama za vidole. Nitapiga simu saa tatu usiku za huko. Baba Mdogo, tafadhali simu iwe na chaji.

Mwanenu,
Bremen, Ujerumani