VYAMA VILIVYOMBEBA ZUMA



Jacob Zuma alijiuzulu Urais wa Afrika ya Kusini usiku wa tarehe 14 Februari, 2018. Watu husema ni mahakama na magazeti vilivyomwangusha, na kwa sehemu ni kweli. Lakini sisi tulio katika chama yatupasa kuuliza jambo jingine: ni nani aliyempandisha?

Ni wafanya kazi wenzetu. Mwaka 2005, baada ya rafiki yake Schabir Shaik kuhukumiwa kwa rushwa, Rais Mbeki alimwondoa Zuma katika cheo cha Makamo wa Rais. COSATU, muungano mkubwa wa vyama vya wafanya kazi wa nchi ile, ulisimama naye na kusema anaonewa. Desemba 2007, huko Polokwane, akawa mkuu wa ANC, na mwaka 2009 akawa Rais. Wala hatuwacheki ndugu zetu. Mtu huyu hakupata shule, alifungwa Robben Island miaka 10, na alijua kuimba na kucheza na watu wake. Nani kwetu asingalimpenda?

Kisha mambo yakaanza kufunuka. Machi 2014 Bibi Thuli Madonsela, Mtetezi wa Umma, alitoa taarifa kwamba randi milioni 246 zilikuwa zimetengwa au kutumika nyumbani kwa Rais kule Nkandla. Bwawa la kuogelea lilielezwa kuwa ni la kuzimia moto. (Sisi wa reli twaijua ndoo ya mchanga, bwawa hatujapewa.) Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilisema Rais ameshindwa kuilinda Katiba, naye akalipa randi zaidi ya milioni 7.

Lakini linalotuuma sisi zaidi ni la reli. Mwezi ule ule wa Machi 2014, shirika la Transnet lilitia sahihi kununua injini 1,064. Bei iliyokadiriwa kwanza ilikuwa randi bilioni 38.6, ikapanda kupita bilioni 54. Mbele ya Tume ya Jaji Zondo ulitolewa ushahidi jinsi fedha za ununuzi huo zilivyopita kwa makampuni yaliyofungamana na ndugu wa Gupta, rafiki za Rais. Shirika la treni za abiria nalo liliagiza injini 70. Zikafika 13, na ikaonekana kimo chake kimezidi kilichowekwa kwa njia zile! Fundi wa karakana hupima kwanza hata boriti moja. Mwaka 2017 mahakama ilifuta mkataba huo.

Je, hakuna aliyesema mapema? Alikuwapo. Desemba 2013, miezi mitatu kabla ya sahihi ile ya injini 1,064, NUMSA, chama cha wafanya kazi wa vyuma, kilimtaka Zuma ajiuzulu, kikakataa kuifanyia ANC kampeni. Novemba 2014 COSATU wakakifukuza, chama chenye watu zaidi ya 300,000, kwa hoja kwamba kimevunja taratibu za muungano. Machi 2015 wakamfukuza na Katibu Mkuu wao, Zwelinzima Vavi. Aprili 2017 COSATU wale wale wakamwomba Zuma aondoke. Tarehe 1 Mei, Bloemfontein, wafanya kazi walimzomea hata mkutano ukavunjika kabla hajasema neno.

Miaka mitatu na zaidi ilipita katikati. Taratibu za muungano zilichungwa sana. Fedha za reli hazikuchungwa.

Kura haziko mbali hapa kwetu, na wagombea watakuja kusimama mbele ya lango la karakana wakitaka chama kiwaunge mkono. Twaomba kila tawi, kabla halijainua mkono, liulize: mwanachama akimpinga mtu huyu baadaye, atasemea wapi, na nani atamlinda asifukuzwe? Jibu liandikwe katika kitabu cha mkutano, nalo lisomwe mbele ya wanachama wote.