Tusimdai Mgonjwa wa Runzewe Friji

Katika madirisha ya kutolea dawa ya nchi hii kuna sentensi moja inayotamkwa kwa nia njema na kusikika kama hukumu: "Ukaiweke kwenye friji." Huambiwa mgonjwa wa kisukari anapokabidhiwa kichupa cha insulini. Anayeitamka hamwulizi kama anayo friji, wala kama ana umeme wa kuiwasha, wala atakaa saa ngapi ndani ya basi kabla ya kufika hapo penye friji. Akishaitamka, wajibu wake umekwisha. Kuanzia dirishani hapo, ubaridi wa dawa ni mzigo wa mgonjwa.

Ninabishana na sentensi hiyo. Kwa mkazi wa Runzewe, sharti la friji halina msingi wa kisayansi linaposemwa hivyo kwa ujumla, na kiutawala ni dhuluma. Baya zaidi, linaficha hatari halisi, ambayo iko barabarani.

Kwa msomaji asiyepajua, Runzewe ni mji wa njiani katika Wilaya ya Bukombe, kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Nyakanazi, na kutoka huko hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Mpaka mwaka 2012 wilaya hii ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Ni nchi ya Wasumbwa na Wasukuma, wakulima na wafugaji, na ya wachimbaji wadogo wanaohamia popote dhahabu inaposikika. Kambi ya machimbo ni miti, turubai na udongo. Mchimbaji anahama na godoro, sururu na simu. Mtu huyu ndiye anayeambiwa habari za friji.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Lebo ya kichupa inaagiza kisichofunguliwa kihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kilichofunguliwa kisikae kwenye joto la juu kwa zaidi ya wiki nne hivi. Agizo hilo ni la mtengenezaji, aliyeliandika akimfikiria mtumiaji mwenye jiko la umeme na kabati la baridi. Kwa miaka mingi madaktari waliofanya kazi penye joto walijiuliza kama ni ukweli wa kikemia au ni tahadhari ya kibiashara tu. Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakaiga mpando na mshuko huo maabara kwa wiki nne, wakatumia aina za insulini zinazotumika kwa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: dawa ilibaki na nguvu ile ile ya dawa iliyokaa kwenye jokofu. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya tafiti na takwimu za watengenezaji, yakaenda mbali zaidi: vichupa visivyofunguliwa vya insulini ya kibinadamu, ile ya muda mfupi na ile ya muda wa kati, vinaweza kustahimili nyuzi 25 kwa miezi sita na nyuzi 37 kwa miezi miwili bila kupoteza nguvu kwa kiasi cha kudhuru tiba.

Dagahaley ni jangwa. Runzewe iko kwenye nyanda za juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa kiangazi kikali huko unazidi kidogo nyuzi 30. Kama mkimbizi wa Dadaab anaweza kukaa na insulini yake hemani, mkulima wa Bukombe anakatazwa kwa hoja gani?

Tufanye na hesabu ndogo, maana watumishi wa umma wanapenda hesabu. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Mgonjwa anayejidunga yuniti 40 kwa siku anakimaliza kwa siku 25. Yaani kichupa kinaisha kabla wiki nne za utafiti wa Dagahaley hazijatimia. Na mgonjwa akipewa viwili, cha pili kikasubiri kivulini bila kufunguliwa, bado yumo ndani ya miezi miwili ya Cochrane.

Kwa nini basi apewe kimoja kimoja? Hapa ndipo sharti la friji linapogeuka kuwa siasa. "Hana pa kuhifadhi" ni sababu tayari ya kumpimia mgonjwa dawa kidogo, na anayepimiwa kidogo atarudi mara kwa mara. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema matibabu ya magonjwa sugu, kisukari kikiwamo, yatolewe bila malipo. Sera hiyo haimlipii mtu nauli. Kila safari anayoongezewa ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, na ni saa nyingine za kuibeba dawa juani. Asipokuwa na nauli, haendi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asipokwenda, mwili wake hauna insulini ya akiba: ndani ya siku chache damu inajaa tindikali, anatapika, anapumua kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyochacha. Nyumbani watasema malaria. Wengine, na tunajua tuko kanda gani, watasema amerogwa.

Nimesema hatari iko barabarani. Utafiti wa Dagahaley haukuzungumzia buti la basi, wala kifuniko cha injini, wala kioo cha mbele saa nane mchana. Humo joto linaweza kupita nyuzi 37 kwa mbali, na huko ndiko insulini inakoharibika kweli. Mchukulie mgonjwa atokaye Runzewe kumwona daktari bingwa Bugando, Mwanza. Atapita Geita na Sengerema mpaka Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea foleni ya kivuko, na hilo tulishukuru. Lakini bado kuna saa nyingi za kukaa ndani ya chombo ambacho konda ndiye anayeamua kila mzigo ukae wapi. Konda anachukua begi na kulisukumia kwenye buti. Mgonjwa akipinga, ataulizwa mbele ya abiria wote kuna nini humo ndani. Ajibu nini? Msichana wa miaka 17 aliyeficha ugonjwa wake hata kwa wenzake shuleni atanyamaza, na dawa itakwenda chini pamoja na madumu. Kwenye gari dogo la mchomoko, abiria wamebanana kiasi kwamba begi halina mahali isipokuwa nyuma, chini ya kioo, juani.

Kuna na kosa la upande wa pili, linalotokana moja kwa moja na ile sentensi ya dirishani. Mtu aliyeambiwa "baridi, baridi" bila maelezo mengine anafanya alilofundishwa: ananunua maji yaliyoganda dukani, anakizamisha kichupa humo ndani ya chupa ya chai, anafunga. Insulini ikiganda imekufa, na ikiyeyuka haifufuki. Inaweza kuonekana safi kabisa kwa macho huku haifanyi kazi. Tumemtisha mgonjwa kwa joto ambalo dawa ingelistahimili, naye akakimbilia barafu inayoiua.

Maelezo yanayostahili kutolewa yanaenea kwenye kadi moja ya Kiswahili. Dawa ikae mwilini au mkononi, ndani ya begi la bega, isiende kwenye buti. Ifungwe kwa kitambaa kilicholowana na kukamuliwa, kichupa kikiwa kimetangulia kutiwa ndani ya mfuko mkavu usiopitisha maji. Barafu isiguse kichupa. Nyumbani itiwe ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, na mchanga mbichi katikati, kivulini, penye upepo. Ni kanuni ile ile ya mtungi wa maji ambao bibi zetu waliuweka pembeni mwa nyumba: maji yanapotoka kwenye vinyweleo vya udongo na kukauka, yanaondoka na joto. Masika, hewa inapojaa unyevu, chungu hupoza kidogo tu, ila masika nayo si wakati wa joto kali. Insulini iliyo angavu kwa asili ikiwa na ukungu, au ile ya maziwa ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa viganjani, itupwe. Na sukari ikipanda bila sababu baada ya safari, ishukiwe dawa kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba amekula wali.

Najua pingamizi litakalotoka ofisini. Lebo ni lebo, mtaalamu akienda kinyume nayo atawajibishwa. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana simlaumu mhudumu wa dirishani. Hana mamlaka ya kuandika upya lebo. Mamlaka hayo yako Wizara ya Afya, kupitia miongozo ya tiba, na ushahidi umekuwa mezani tangu 2021. Kuendelea kunyamaza ni kumwachia mhudumu wa zahanati achague kati ya kuvunja kanuni na kumnyima mtu dawa.

Wala tusiambiwe nchi haijui ubaridi. Chanjo zinafika vijijini zikiwa katika visanduku vyenye vipimajoto, na kila nyuzi inaandikwa. Minofu ya sangara inatoka viwanda vya Mwanza mpaka Ulaya bila kunuka. Katika Runzewe yenyewe, dereva wa lori la Kigali hukosi kumkuta na soda ya baridi saa saba usiku. Friji ya chanjo zahanatini ina masharti yake na haipaswi kuchanganywa na vitu vingine, sawa. Basi inunuliwe ya pili, ndogo, kwa ajili ya insulini, ili hifadhi kubwa ikae karibu na mgonjwa naye abebe vichupa viwili tu.

Fedha? Tuko katika ukanda wa dhahabu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Nimeona mipango ya namna hiyo ikijaa majengo, kwa sababu jengo lina utepe wa kukatwa. Friji ndogo, vyungu na kadi havina utepe. Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Miaka mia moja baadaye sisi tunashindwa kugharimia chungu.

Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha mkakati wa PEN-Plus, unaotaka huduma ya magonjwa kama kisukari cha aina ya kwanza ishuke hadi hospitali za wilaya. Bukombe ina hospitali ya wilaya, pale Ushirombo. Madiwani watakapoipitia bajeti ijayo waulize mambo mawili: insulini ya miezi miwili itaanza kutolewa lini kwa asiye na friji, na ni nani ameandika barua kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini kwamba mfuko wa dawa wa abiria si mzigo wa buti. Wanafunzi wangu wa sheria wanaweza kuiandika barua hiyo kwa mchana mmoja, na wako tayari.