Ukurasa ukitoka bila rangi, tatizo si kichwa chako

Tunaona vijana wenzetu wanaacha mafunzo ya kompyuta palepale: seva ya ndani inawaka, ukurasa unafunguka, lakini faili la CSS halisomwi. Hakuna rangi wala mpangilio. Wanasema, "Hii si ya watu wa kambini." Jamani, hapana! Bonyeza F12, fungua Network. Ukiona 404, seva haijalipata faili: kagua jina la folda na herufi. Windows haijali kama ni Style.css au style.css, Linux inajali. Na kama CSS inavutwa kutoka intaneti, bando likiisha, rangi nazo zimeisha. Kwa hiyo ninyi mnaotufundisha, tunawaomba: leteni mafaili yote kwenye flashi, na F12 ifundishwe siku ya kwanza, siyo wenzetu wakishakata tamaa.